Kabla ya Kuchukua Mbwa, Hesabu Siku Usizokuwepo

Barua ya uhamisho ilinikuta Tabata, Dar es Salaam, mwaka 2017, wakati watumishi wengi wa serikali tulipokuwa tukihamia Dodoma. Niliisoma nikiwa nimeketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, na mbwa wangu Simba (jina ambalo nadhani nusu ya mbwa wa mtaa ule walikuwa nalo) alikuwa amelaza kidevu chake juu ya kandambili zangu. Nilitakiwa kuripoti baada ya siku 14. Nikawaza nyumba, shule ya mtoto, kitanda na jiko, na ilipofika siku ya tatu ndipo nilipokumbuka kwamba mbwa naye ni wa kuhama.

Kondakta wa basi la kwanza alicheka, wa pili hakujisumbua kunijibu. Kukodi gari dogo kwa safari ya takriban kilomita 450 kulinishinda, kwa kuwa fedha niliyokuwa nayo ilikuwa imekwenda kwenye kodi ya miezi sita ya nyumba ya Dodoma, ambayo mwenyewe, hata hivyo, alikuwa amekwisha kunieleza kwamba mbwa hataki kumwona. Basi nikampa Simba fundi seremala mmoja wa mtaa wa pili, mtu mpole ambaye alikuwa akimrushia mifupa kila tulipopita, na nikapanda basi nikiamini kwamba kumkabidhi mnyama kwa mtu mwema ni kumaliza wajibu.

Miezi minane baadaye fundi alinipigia simu kwamba Simba amemng'ata mtoto wa jirani kigimbi. Mama wa mtoto alifanya jambo la busara kuliko sisi sote, maana aliliosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa karibu robo saa, kisha akampeleka hospitali, na huko swali la kwanza likawa kama mbwa alikuwa amechanjwa. Kadi ya chanjo nilikuwa nayo mimi, Dodoma, ndani ya mfuko wa vyeti, na tarehe ya kurudia chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa mbwa wetu ilikuwa kila mwaka, ilikuwa imepita. Mtoto akaanzishiwa sindano ambazo hutolewa kwa awamu, nami nikalipa gharama zake. Simba alifungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa huo siku aliyong'ata huonyesha dalili na kufa ndani ya muda huo. Alimaliza siku zote 10 akila vizuri. Sikuwahi kungoja jambo lolote kwa hofu kama ile, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mwanadamu, karibu kila mara humuua.

Nimesimulia hayo kwa kirefu kwa sababu watu wanaonijia kutaka ushauri huanza kwa kunihakikishia kwamba wanawapenda wanyama. Hata mimi nilimpenda Simba, na mapenzi hayo ndiyo yaliyonifanya nimchukue bila kufikiri. Kilichopungua ni mpango wa siku ambazo mimi sipo. Ukiwa nyumbani, mbwa anakula, anapata maji, kupe wanaonekana mapema na lango linafungwa. Utayari wako unapimwa kwa siku nyingine zote, na siku hizo zinahesabika.

Chukua kalenda ya mwaka uliopita, si ya mwaka ujao, kwa maana mwaka ujao sote huwa tunajiona watu wa kukaa nyumbani. Weka alama kwenye kila siku uliyolala nje: safari za kazi, misiba ya kijijini ambayo huondoka nayo wiki nzima, harusi, sikukuu, na siku ulizomuuguza mtu hospitali. Nilipofanya hivyo baada ya tukio la Simba nilipata siku 74, ilhali kabla ya kuhesabu ningeapa kwamba hazifiki 20. Kisha andika pembeni mwa kila alama jina la mtu ambaye angempikia mbwa siku hiyo. Usiandike "nyumbani kuna watu". Tulipokuwa Tabata nyumbani kulikuwa na watu wanne, na nilikuja kugundua kwamba kila niliposafiri, dada aliyekuwa akitusaidia kazi, ambaye alikuwa akiogopa mbwa tangu utotoni na hakuna aliyewahi kumuuliza, alikuwa akimrushia Simba ugali kupitia dirishani, na maji alikuwa hampi kabisa. Simlaumu hata kidogo.

Nyumba ya kupanga inahitaji hesabu yake. Mbwa anaweza kuishi miaka 10 au zaidi, wakati mikataba yetu mingi ni ya mwaka mmoja au pungufu, kwa hiyo ruhusa ya mwenye nyumba wa leo haikufikishi mbali, na ni vyema ujue mapema ni ndugu gani mwenye ua wake mwenyewe anayeweza kumpokea mbwa pale utakapokosa nyumba. Majirani nao waulizwe kabla. Katika ua tuliokuwa tukichangia bomba, mama mmoja mtu mzima alinijia jioni moja akaniambia kwa upole, "Baba Neema, mwanangu, mimi sina ubaya na kiumbe cha Mungu, ila huyu akinilambia ndoo yangu inanibidi niioshe mara saba, moja kwa udongo, na mimi magoti hayanipi tena." Alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa nimeleta mbwa katika ua wa watu watano kana kwamba ni wangu peke yangu.

Fedha sitaikalia sana. Unga, dagaa na mabaki ya buchani vilinigharimu karibu shilingi 50,000 kwa mwezi, na fedha hiyo hutoka hata mwezi ambao mshahara umechelewa. Wanaosahaulika ni watoto wa mbwa. Kijibwa hakifai kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki 8, hula mara tatu au nne kwa siku, na chanjo zake, ikiwamo ya parvo, ugonjwa unaoua kwa kuhara damu, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe takriban wiki 16. Kama katika miezi hiyo una safari, subiri. Na ukichukua jike bila kuamua kumfunga kizazi, elewa kwamba mimba yake ni ya siku 63 hivi, na kwamba uzio wa michongoma haujawahi kumzuia dume yeyote ninayemfahamu.

Jaribio lililonisaidia zaidi halikunigharimu kitu. Desemba, wenzetu wa Kilimanjaro wanapokwenda kwao kula Krismasi, wengi huhangaika kutafuta wa kuwaachia mbwa. Nilijitolea kukaa na mbwa wa jirani yangu kwa wiki tatu, mwaka 2019, na nikashindwa, kwa kuwa wiki ya pili nilisafiri ghafla na mke wangu akabaki na mzigo ambao hakuuomba. Tulizungumza kwa uwazi, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba hata Simba ulikuwa uamuzi wangu peke yangu. Desemba iliyofuata tulirudia, safari hii baada ya kukubaliana zamu, tukamaliza bila manung'uniko.

Mwaka 2021 mfanyakazi mwenzetu alihamishiwa Kigoma, naye akatupatia jike lake la miaka miwili, lililokwisha kufungwa kizazi. Alinikabidhi kadi ya chanjo kwanza, kamba baadaye. Kadi hiyo tumeibandika nyuma ya mlango wa jikoni, na chini yake kuna karatasi yenye majina ya wanaomhudumia: la mke wangu na langu, kisha la kijana wa jirani ambaye mbwa humfuata hata nisipokuwa safarini. Nafasi ya jina la nne iko wazi, maana kijana huyo ataondoka kwenda chuo mwezi wa 10, na tangu wiki iliyopita nimeanza kuulizia mtaani nani asiyeogopa mbwa.