Mthamini aitwe kabla mnunuzi hajabisha hodi

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya fedha ya halmashauri, na mafaili yaliyoninyima usingizi yalikuwa ya viwanja na majengo. Bajeti ya mwaka huu ukiikosea, mwakani utairekebisha. Kiwanja kikishabadilishwa jina kimekwenda. Namwandikia diwani mpya, afisa anayekabidhiwa mali za halmashauri kwa mara ya kwanza, na mwananchi aliyesikia jengo la umma linauzwa lakini hajui aulize nini.

Faili la kwanza nililolipigia kura lilihusu kiwanja kilichokaa wazi muda mrefu. Mnunuzi alishajitokeza, bei alishaitaja, ndipo mthamini akaitwa. Ripoti ikaja na thamani inayokaribiana mno na bei ile. Niliona namba mbili zinapatana nikaridhika, nikanyoosha mkono. Baadaye nilipoisoma ripoti taratibu nikakuta kiwanja kimethaminiwa kama eneo la kuhifadhia vifaa, ilhali mpango wa matumizi ya ardhi ulisharuhusu kijengwe maduka. Tulikuwa tumeuza ardhi ya biashara kwa bei ya ghala. Kura yangu imo katika muhtasari wa kikao kile, na mpaka leo inaniuma.

Tangu siku hiyo sikubali uthamini unaofanyika baada ya mnunuzi kujulikana. Bei ikishatajwa mezani, hata mtaalamu mwaminifu huanza kuizunguka. Mthamini awe amesajiliwa, alipwe na halmashauri yenyewe, na ujira wake usitegemee kiasi kitakachopatikana kwenye mauzo. Ripoti ikifika, tafuta kwanza tarehe ya uthamini, kwa sababu thamani ni ya siku fulani, na soko likiwa linapanda, ripoti ya mwaka juzi ni zawadi kwa mnunuzi. Kisha angalia ardhi imethaminiwa kwa matumizi gani: yale ya leo, au yale yenye faida kubwa zaidi ambayo sheria inayaruhusu?

Halafu kuna mbinu, na hapa naomba usiharakishe. Nyumba ya kuishi au kiwanja cha kawaida hulinganishwa na mauzo ya mali zinazofanana nacho. Jengo la kupangisha huthaminiwa kwa mapato yake. Jengo lisilouzwa-uzwa sokoni, mfano kituo cha zimamoto, mara nyingi hukadiriwa kwa gharama ya kulijenga upya ukitoa uchakavu, kisha ukaongeza thamani ya ardhi. Mtego mkubwa uko kwenye mbinu ya mapato. Kama halmashauri imekuwa ikitoza pango la zamani lisilopandishwa kwa miaka mingi, mthamini akilitumia pango hilo atapata thamani ndogo, na jengo litaonekana halina faida kwa sababu tu sisi wenyewe tulizembea kupandisha pango. Mwombe aonyeshe pango la soko kando ya pango linalolipwa. Nimeona jengo likiondolewa kwenye orodha ya kuuzwa baada ya swali hilo moja.

Kosa jingine ni kupima gharama za utunzaji tu na kusahau mali yenyewe. Mwaka 1987 halmashauri ya Westminster, London, iliuza maeneo matatu ya makaburi kwa jumla ya peni 15, ili kukwepa gharama za kuyatunza. Ndani ya mauzo hayo kulikuwa na ardhi na majengo yenye thamani yake. Wenye ndugu waliozikwa mle walilalamika, na jambo likawa kashfa kubwa. Kila nikisikia kwenye kikao kauli ya “hili jengo linatugharimu tu”, nawakumbuka wale watu.

Wakati huo sheria ya Uingereza ilishakuwa wazi: kifungu cha 123 cha sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 kinaitaka halmashauri isiachie ardhi kwa chini ya bei bora inayoweza kupatikana, isipokuwa kwa kibali cha waziri. Afrika Kusini wameweka kizuizi cha mapema zaidi. Kwa kifungu cha 14 cha sheria ya fedha za manispaa ya mwaka 2003, mali inayohitajika kutoa huduma za msingi haiuzwi, na baraza lazima liamue katika kikao kilicho wazi kwa umma kwamba mali hiyo haihitajiki, likizingatia pia bei ya soko na manufaa kwa jamii. Naupenda mpangilio huo. Swali la “je, tunaihitaji?” linatangulia lile la “shilingi ngapi?”, na linajibiwa watu wakisikia.

Uuzaji uwe kwa mnada au zabuni iliyotangazwa, na bei ya chini ijadiliwe kwa siri kabla bahasha hazijafunguliwa. Mauzo ya moja kwa moja kwa mtu mmoja yahitaji sababu iliyoandikwa. Huko Uholanzi, mahakama ya juu kabisa iliamua Novemba 2021, katika kesi ya Didam, kwamba manispaa inayouza ardhi iwape nafasi sawa wote wanaoweza kuitaka, isipokuwa pale ambapo kwa vigezo vya haki ni mmoja tu anayestahili. Na diwani mwenye maslahi, hata kama ni ya shemeji yake, atangaze na atoke nje ya ukumbi. Kukaa kimya kwenye kiti hakutoshi.

Kuuza kwa bei nafuu makusudi kunaruhusiwa, kwa zahanati au shule kwa mfano. Ninachodai ni kwamba ripoti ionyeshe thamani kamili, pengo liandikwe kama ruzuku, na hati iseme kuwa matumizi yakibadilika ardhi inarudi au tofauti inalipwa.

Sasa upangishaji, ambako fedha huvuja bila kelele. Mauzo huleta watu ukumbini. Mkataba wa pango hupita kama ajenda ya mwisho, wajumbe wakitazama saa. Mkataba mrefu ni mauzo yaliyovaa nguo nyingine. Desemba 2008, baraza la jiji la Chicago liliidhinisha ndani ya siku chache mkataba wa miaka 75 wa mapato ya mita za maegesho, kwa takribani dola bilioni 1.15. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji alisema jiji lilipata pungufu kwa karibu dola milioni 974. Madiwani waliopiga kura ile hawatakuwepo mkataba ukiisha.

Kwa hiyo muda uwe mfupi kadiri uwekezaji wa mpangaji unavyoruhusu. Pango lipitiwe kila baada ya miaka michache kwa kanuni iliyo ndani ya mkataba, isiwe hisani ya kuombwa. Iandikwe nani anakarabati paa, na majengo atakayojenga mpangaji yatakuwa ya nani muda ukiisha. Kumpangisha mtu mwingine kuwe kwa kibali cha maandishi. Nilipokuwa kwenye kamati tulitembelea vyumba vyetu vya biashara bila taarifa, tukakuta waliomo si waliosaini. Waliosaini walikuwa wakikusanya kodi mara kadhaa ya ile waliyotulipa, wakiwa nyumbani.

Ukiwa na wiki moja tu ya kuanzia, omba rejista ya mali. Andaa safu ya tarehe ya mwisho ya kila mkataba, safu ya lini pango lilipandishwa, na safu ya jina la aliyemo ndani kweli. Sisi tulikuta mikataba iliyokwisha muda zamani, wapangaji wakiendelea kulipa kiasi kilekile na halmashauri ikiendelea kuwaandikia risiti. Kuizungukia mali yote kwa miguu kulituchukua siku nne.