Banjo, fidla na nyimbo za milima ya Appalachia: maswali yenu

Mmeuliza sana kuhusu muziki wa asili wa Appalachia, ile milima ya mashariki mwa Marekani, haya twende.

Eti banjo imetoka Afrika? Si ni ya wazungu wa shamba?

Asili yake Afrika Magharibi bwana. Watu waliouzwa utumwani ndo walianza kuitengeneza kule Karibiani na Marekani, kibuyu unakiwamba ngozi, unatia mpini na nyuzi, basi. Wajola wa Senegali na Gambia hadi leo wanapiga akonting, ina nyuzi 3 na ule mfupi ni wa kidole gumba, sasa cheki banjo ya nyuzi 5 ya huko milimani, uzi mfupi upo na bado ni kazi ya gumba, na vidole vingine vinapiga kwa ukucha kushuka chini vilevile. Wazungu waliichukua kwa weusi, karne ya 19 wakawa wanaipiga jukwaani wamejipaka masizi usoni kuwakejeli haohao waliowafundisha!

Sasa mbona kwenye picha za zamani ni wazungu tupu?

Biashara ya santuri hiyo. Miaka ya 1920 kampuni ziligawa soko, blues na gospeli za watu weusi huku, fidla na banjo za wazungu wa milimani kule, kwa hiyo mweusi mwenye fidla hata awe hatari vipi alikuwa hana pa kuwekwa. Mwaka 1927 Ralph Peer, mrekodi wa santuri, alienda Bristol, Tennessee, akawarekodi Carter Family, kikundi cha familia ya A.P. Carter, wakapata jina kubwa. Baadaye A.P. Carter akawa anazunguka milimani kusaka nyimbo na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi, Carter anaandika maneno, Riddle anaishika tuni kichwani. Kwenye santuri jina la Riddle halikuwepo.

Hii na bluegrass si kitu kimoja?

Hapana, bluegrass ni mtindo wa juzi tu, umetokana na bendi ya Bill Monroe, hasa Earl Scruggs alipoingia mwaka 1945 na banjo yake ya vidole vitatu. Kule kila mtu anapewa zamu aonyeshe ufundi, ila kwenye ule wa zamani wote mnapiga tuni moja pamoja, inarudiwa weee mpaka wanaocheza wachoke. Mi nauchagua huo wa zamani, sijali mtasema nini.

Mbona nyimbo zimejaa mauaji na mapenzi yaliyovunjika?

Nyingi ni hadithi za kale za Uingereza na Scotland, zilivuka bahari na wahamiaji. Cecil Sharp na Maud Karpeles, Waingereza wakusanyaji wa nyimbo, walizunguka milimani 1916 hadi 1918 wakiziandika, na waimbaji wengi walikuwa wanaimba bila ala yoyote. Baadaye zikaja za reli na migodi ya makaa ya mawe, huko nako vifo havikukosekana.

Dolly Parton, yule mwimbaji wa country, naye yumo?

Yumo kabisa, kazaliwa Tennessee kwenye milima hiyohiyo, na banjo anapiga, tena na zile kucha zake ndefu.