Jibu kwa aliyeuliza kuhusu kuhamia milimani na kushona mablanketi ya viraka

Dada uliyeanzisha mada hii umeuliza mambo manne: kama inawezekana kuhama Dar ukakae ukweni Usambara na bado ukashona mablanketi yako ya viraka, blanketi moja litakuchukua siku ngapi ukiwa huko, pesa yake ikoje, na uje na nini. Mimi ni mwaka wa 11 niko huku, kijiji kiko juu ya Soni ukikata njia ya Bumbuli, kwetu Tanga mjini nimeolewa huku, na kazi yangu ndo hiyo hiyo. Kwa hiyo nakujibu kwa nilivyoyaishi, sio kwa zile picha za blanketi limetandikwa kwenye majani na ukungu nyuma. Ukungu wenyewe ukijua unavyoniharibia kazi usingeupiga picha.

Hilo la siku ngapi nianze nalo maana lilinitesa sana. Nilipokuwa mjini nilikuwa nashona kwa cherehani ya mota, blanketi la kitanda cha tano kwa sita nalimaliza siku 11 au 12. Hesabu yake ni hii, mimi napenda litoke inchi 84 kwa 90 ili lishuke vizuri pembeni, vipande vikishashonwa viwe inchi 6 kwa 6, yani 14 kwenda upana na 15 kwenda urefu, jumla 210, na kila kimoja unakikata inchi 6 na nusu kwa sababu mshono unakula robo huku na robo huku. Nimekuja huku na hesabu yangu hiyo kichwani, nikachukua oda mwezi wa 5, nikamwahidi mteja wiki tatu. Nilimpelekea mwezi wa 8. Na sikuwa mvivu hata siku moja.

Shida ni kwamba huku hakuna siku ya kushona. Kuna masaa mawili hapa, nusu saa pale. Naamka alfajiri nawasha moto, chai, watoto watoke mapema maana shule iko bonde la pili na njia ikinyesha ni utelezi mtupu, halafu kama kuna kazi shamba naenda na baba watoto, kabichi na karoti hazisubiri mtu hasa siku gari la mzigo linapokuja, narudi saa 6 napika, maji, kuku, ndo nakaa kwenye cherehani saa 8. Saa 10 na nusu watoto wamerudi na jua limejificha nyuma ya kilima, dirishani giza. Miezi ya 6 na 7 ndo usiseme, ukungu unakaa mpaka saa 4 asubuhi, ndani unaona kwa kupapasa, vidole vimekufa ganzi sindano huisikii mpaka imekuchoma.

Kwa hiyo nilichojifunza ni kugawa kazi kwa mwanga na sio kwa siku. Mchana ni cherehani na kukata tu. Usiku kwenye taa ya sola ni kazi za mkono, kupiga bandi, yani ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kufumua nilipokosea, kupiga pindo, haya mkono unayajua hata ukiwa unaongea na watu. Kupanga rangi usiku USITHUBUTU. Niliwahi kupanga safu nne usiku nikajiona fundi kweli, asubuhi nafungua dirisha nakuta bluu ya giza na nyeusi nimezichanganya kama ndugu, nikafumua zote nne. Tangu hapo rangi ni saa 8 mchana, mlangoni.

Cherehani chukua ya miguu. Umeme tunao lakini unakatika unavyojisikia, ya miguu haina habari na mtu, mkanda ukikatika unaunganisha maisha yanaendelea. Mimi natumia Butterfly ya mtumba.

Sasa ukweni. Hapa najua ndo hasa ulipokuwa unauliza ila umezunguka zunguka. Mama mkwe wangu ni mtu mzuri lakini mwanzo kazi yangu hakuielewa kabisa. Alikuwa anawaambia wifi zangu, huyu mke wa kaka yenu ana akili timamu kweli, anachukua nguo nzima anaikata vipande halafu anakaa miezi miwili kuviunganisha. Na ukifikiria ana hoja! Kwake kiraka ni kitu unachoweka nguo ikichanika, ni alama ya shida, sasa mtu anaweka viraka 210 kwa hiari yake na anataka alipwe. Hata jina tulikuwa hatuelewani, kwetu bibi aliita mfarishi, huku ukisema mfarishi wanakuangalia, wanasema tu blanketi la viraka, na wanalisema kwa huruma.

Na nafasi ndo ilikuwa ugomvi mwingine. Blanketi likishafika hatua ya kubana matabaka matatu, uso, katikati na mgongo, unahitaji kulitandaza lote, na nyumba yetu ina sebule moja ambayo ndo pa kulia, pa wageni, na watoto wanasomea hapo hapo. Nilikuwa natandaza chini, kuku anapita, mtoto anapita na miguu ya tope, mgeni anabisha hodi nakunja kila kitu, bandi zinalegea naanza upya. Baba watoto ndo akapata wazo, akachonga fremu ya miti minne ya mkaratusi, akafunga kamba nne kwenye kenchi juu, nikishona naishusha usawa wa magoti, wakati wa kula tunaivuta juu inaning'inia kama dari. Mgeni anakula wali juu yake kuna blanketi. Wamezoea, siku hizi wanaangalia juu wanauliza hili la nani. Mdogo wangu wa kiume alisema tunalala chini ya mzigo kama treni, muache aseme.

Kilichombadilisha mama mkwe sio maneno yangu. Baba mkwe alipofariki, baada ya eda kuisha, mama mkwe alikuja siku moja chumbani na mfuko wa rambo, ndani kuna kanzu mbili za mzee, shuka lake la kujifunikia na koti la kijivu alilokuwa anavaa msimu wa baridi mpaka viwiko vikatoka. Hakusema nitengenezee. Alisema tu hizi nguo siwezi kuzigawa na siwezi kuziangalia. Nikakaa nazo miezi maana naogopa kuzikata, ukishakata umekata. Mwisho nikashona dogo tu la kujifunika magotini, kanzu ndo imekuwa weupe wake, na ule mfuko wa koti sikuutoa, nikakata kipande na mfuko wake ukiwa juu na nikaushona hivyo hivyo. Nilifikiri ataona vibaya. Tasbihi yake inakaa humo mpaka leo, akimaliza kuswali anairudisha kwenye mfuko wa mzee. Na tangu hapo wifi akija na maneno yake ya viraka anajibiwa na mama mkwe, mimi nakaa kimya.

Watoto usiwafukuze kwenye kazi, watakuharibia hata ukiwafukuza, bora waharibu wakiwa wanasaidia. Wa darasa la 6 ndo ananipangia rangi, ana jicho kunishinda mimi, ataniambia mama hii njano inapiga kelele itoe na nikiitoa kweli napumua. Wa darasa la 2 anajaza bobini na kuhesabu vipande kumi kumi anafunga na uzi. Ila msimu wa plamsi, kuanzia mwezi wa 12, hakuna mtoto kugusa kitambaa mpaka nimekagua mikono, maana lile doa la plamsi kwenye kitambaa cheupe halitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Nina vipande kama 20 vyenye vidole, nimewawekea wao wenyewe kwenye blanketi lao, kila mtu anajua kidole chake.

Niseme na hasara yangu kubwa ili isikukute. Mama mmoja wa Dar aliniagiza blanketi la harusi ya binti yake, anataka vipande vya kanga ya kisutu vikipishana na marikani nyeupe, kile kitambaa cha pamba kisicho na maua, na mgongo marikani. Kisutu unakijua, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nikanunua doti mpya dukani, nikakata ile ile siku kwa haraka ya tarehe. Likatoka zuri mpaka nikaona wivu kulituma. Wiki mbili baadae napokea picha kwenye simu, wamelifua, nyekundu yote imehamia kwenye marikani, blanketi zima limekuwa pinki ya madoa madoa kama nyama iliyooshwa. Hakunitukana, bora angenitukana. Nilimrudishia nusu ya hela na nikamshonea mito miwili bure, na mwezi ule tulikula makande kwa zamu na makande.

Tangu siku hiyo hakuna kitambaa kipya kinachoingia kwenye mkasi kabla hakijafuliwa, kanga, kitenge, hata marikani maana nayo ikifuliwa inarudi, inakuwa fupi, ukiishona haijafuliwa blanketi zima linajikunja. Nyekundu nafua mara tatu, nne, halafu nalowesha pamoja na kitambaa cheupe usiku mzima, asubuhi cheupe kikiwa cheupe ndo nakata. Kuna watu watakwambia weka chumvi inashika rangi, mimi nimeweka chumvi mpaka ya kupikia ikaisha, nyekundu ilitoka vile vile. Sasa shida ya kufua huku ni masika, mwezi wa 3 mpaka wa 5, nguo inakaa kwenye kamba siku nne bado ina unyevu na inaanza kunuka. Kwa hiyo nafua vitambaa vya miezi mitatu mbele jua likiwepo.

Na kunuka kwenyewe, moshi. Wewe hutausikia ukishakaa mwaka mmoja lakini mteja akifungua mzigo sebuleni kwake Dar ataambiwa na pua kwamba limeshonwa karibu na jiko la kuni. Mimi niliambiwa. Siku hizi vitambaa vinakaa kwenye sanduku la bati chumbani, mbali na jiko, na blanketi likiisha linapigwa jua na upepo siku mbili ndo linafungwa. Sanduku la bati pia kwa sababu ya panya, usiniulize nimejuaje.

Pesa. Vipande nilikuwa napewa bure na mafundi wa Soni na Lushoto mjini, wanafagia wananiita njoo chukua takataka zako. Mmoja akaliona blanketi limeisha, wiki iliyofuata takataka ikawa na bei, kiroba kwa kiroba, na wenzie wakafuata. Haki yao lakini. Tabaka la katikati natumia blanketi jembamba la mtumba nalochagua kwenye gulio, nalifua kwanza. La kwanza kabisa niliuza 45,000 nikaona nimepata, nikaja kukaa na karatasi nikatoa marikani, uzi, blanketi la ndani na nauli ya mzigo kwenye basi, nikakuta nilikuwa nimefanya kazi miezi miwili kwa bei ya kilo kadhaa za sukari. Sasa la tano kwa sita ni 150,000, nusu kabla sijakata. Wapo wanaocheka bei, waache.

Ila nisikudanganye, makubwa nauza saba au nane kwa mwaka. Majirani hawanunui, na sio kwa ubaya, baridi ipo lakini blanketi la dukani lenye picha ya chui ni bei ndogo na linapata joto sawa. Wanunuzi wangu ni watu wa Dar, watu wanaopeleka zawadi nje, na wageni wachache wanaokuja kutembea Lushoto. Kinacholeta hela ya kila wiki ni vidogo, foronya za mito, mablanketi ya watoto wachanga, mabegi ya shule, na kupunguza sare za shule mwezi wa 1. Kabichi za baba watoto ndo zinalipa ada, blanketi linaziba pengo kabichi ikiangushwa bei. Mwaka mwingine inakuwa kinyume. Ukija na mpango wa kuishi kwa blanketi peke yake huku utagombana na mumeo kabla ya masika kuisha.

Kwa hiyo siku ngapi? Mimi siku hizi namwambia mteja miezi miwili na nusu, nikiwahi anafurahi. Msimu wa kupanda na kuvuna maharage sipokei oda kubwa kabisa.

La mwisho, umeuliza uje na nini. Mkasi wako mzuri ufiche, usikate nao karatasi za watoto wala mtu yeyote asikate nao mchicha, mimi wangu nimeuandika jina. Subana, vile vikofia vya kukinga kidole na sindano, njoo nazo tano maana zinapotea na madukani huku ni shida kuzipata. Rula ndefu ya bati. Na pasi, utahitaji ya mkaa hata kama una ya umeme, lakini kagua mdomo wake unafunga vizuri ndo ununue, yangu ya kwanza ilikuwa imelegea kidogo, cheche moja ikaruka ikatua katikati ya blanketi lililobaki pindo tu. Tundu saizi ya punje ya mahindi. Nililiziba na kijani nikakikata umbo la jani, na mwenye blanketi mpaka leo ananisifia lile jani.