Uliza Mwalimu wa Muziki: Huzuni bila maina inawezekana?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Napiga gitaa la rithimu katika bendi ya harusi hapa Morogoro. Tunafanya mazoezi ya "(Sittin' On) The Dock of the Bay" wa Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani. Mpiga kinanda wetu anasema wimbo wa majonzi haupigwi kwa meja, yenye sauti ya kung'aa, hivyo ameweka E maina, yenye sauti ya huzuni, kwenye kiitikio na kutupunguzia mwendo. Nahisi utamu umepotea, ila nashindwa kumweleza kwa nini.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sikio lako limesikia vizuri, usilinyamazishe.

Wimbo huo uko ufunguo wa G meja, yaani G ndiyo sauti yake ya nyumbani, mwendo wake kama mapigo 104 kwa dakika. Ubeti unapita kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za G, B, C, A, na kutoka C hadi A unashuka nusu toni moja moja, hatua ndogo kabisa za kinanda. Kiitikio kinatoka G kwenda E. Zote meja. Sasa panga kodi za kawaida za ufunguo wa G: utakuta B, A na E ni maina zote tatu. Otis amezigeuza zote. Kila sikio linapojiandaa kupokea maina, linapewa meja. Steve Cropper, aliyeutunga pamoja naye, alieleza kwamba Otis alizoea kutuni gitaa kwa E ya wazi, yaani nyuzi zikipigwa bila kubanwa zinatoa E meja. Ukibana nyuzi zote kwa kidole kimoja, kila kodi inatoka meja.

Mpiga kinanda wenu asikilize maneno. Mtu ameacha nyumbani Georgia, amefika ghuba ya San Francisco, anashinda gatini akitazama meli zikiingia na kutoka. Halii. Angekuwa analia, ningekubali maina na mwendo wa pole. Huyu amekata tamaa, machozi yamekwisha. Kodi zinang'aa na kubadilika, yeye hasogei. Mkiweka E maina mnamwamuru msikilizaji ahuzunike; Otis anamwacha aone mwenyewe, na hapo ndipo panapouma.

Wengi huusikia kwa kukumbuka kifo chake, na siwalaumu: alirekodi Novemba na Desemba 1967 katika studio ya Stax, Memphis, tarehe 10 Desemba ndege yake ikaanguka Ziwa Monona, Wisconsin, akiwa na miaka 26. Machi 1968 wimbo ukashika namba moja Marekani. Lakini huzuni ilikuwa imeshaingia kwenye utepe kabla ya ajali.

Mwendo nao msiuguse. Dramu za Al Jackson na besi ya Donald Dunn zinatembea sawasawa. Sauti ya Otis ndiyo inayokuja nyuma kidogo ya mdundo, ndiyo maana tunaudhania wimbo ni wa polepole kuliko ulivyo. Mkishusha hadi 80, mwimbaji hana tena mdundo wa kuuchelewea. Mwacheni yeye achelewe, bendi isichelewe naye. Na mluzi wa mwishoni apige mtu kwa midomo yake, si kinanda.

Kama G inamchosha mwimbaji wenu, hameni ufunguo bila hofu. Kwenye E ubeti utakuwa E, G shapu, A, F shapu, na kiitikio E kwenda C shapu. Zote meja, tafadhali.