Ukiwatembeza watu kuangalia ndege Mwanza, usikimbizane na idadi

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii ya kuwatembeza wageni kuangalia ndege huku kwetu huniuliza swali lilelile: nijue ndege wangapi kwanza? Wamesikia Tanzania ina zaidi ya aina 1,100, wakafungua kitabu, wakakata tamaa kabla hawajafika mbali. Nawaambia wakifunge kitabu kwa muda. Mgeni akitaka majina, simu yake inayo. Anachokihitaji kwako ni mtu wa kumsimamisha mahali panapofaa, kwa saa inayofaa, na kumwonyesha ndege anafanya nini.

Mchukue mdiria, yule mweusi kwa mweupe aliyejaa ufukweni kote. Kiongozi mwenye haraka atamtaja na kupita. Wewe simama. Waambie watu wamtazame kifuani: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja, na mara nyingi huo wa jike haukutani katikati. Kisha msubirini aruke. Atasimama hewani palepale, mabawa yakipiga kwa kasi, kichwa kimetulia kikielekea chini, halafu atajitupa majini kama jiwe. Wadiria wengine hutegemea tawi la kuvizia. Huyu anaweza kuwinda akiwa hewani tu, ndiyo maana utamkuta hata mbali na nchi kavu. Robo saa mbele ya ndege huyo mmoja, na mtu ambaye hajawahi kushika darubini ataanza kuwatafuta wengine mwenyewe, bila kusukumwa.

Sasa suala la wakati, na hapa usisikilize ushauri wa mahali pengine. Mwanza jua huchomoza karibu saa moja kasorobo, na sehemu kubwa ya mwambao wetu wa upande wa mjini hutazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwako, rangi zote zinaonekana, ziwa limetulia. Ikifika alasiri upepo wa ziwani umeshakoroga maji, na jua linakupiga usoni. Watu wamelipa, wanaona vivuli tu.

Kwa mialo, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kama Igombe na Kayenze, angalia pia mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishamiri wengi hupumzika. Siku za giza, mitumbwi ikirudi alfajiri na dagaa kuanikwa, yangeyange, mwewe na shakwe hujaa hapo. Siku za mbalamwezi utakuta mchanga na nyavu zinazoshonwa. Ukipanga safari bila kujua mwezi uko wapi, utawalaumu ndege bure.

Mwalo ni mahali pa kazi za watu, jambo ambalo waongoza wageni wengi husahau. Tangulia siku moja kabla, umwone kiongozi wa mwalo, useme unaleta watu wangapi na wa nini. Wasalimie wazee ipasavyo. "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hufungua mazungumzo ambayo fedha haifungui. Kina mama wanaoanika dagaa hawapigwi picha kabla ya kuombwa ruhusa. Kama kuna mvuvi anayejua kiota cha furukombe, yule tai mla samaki, kilipo, mlipe kama mwongozaji mwenzako, si kumpa ya soda.

Mimi hupenda kuanza na kongoti, hasa kwa wanafunzi na familia za hapahapa mjini, maana hao nao ni wateja na tunawasahau sana. Kila mtu anamjua, wengi wanamchukia kwa sababu ya jalala. Waonyeshe kichwa kile kisicho na manyoya: ndege anayeingiza kichwa ndani ya mzoga angepata shida kukisafisha kama kingekuwa nayo. Waonyeshe miguu. Ule weupe ni kinyesi chake, anajimwagia ili kujipoza joto. Watoto hucheka, halafu wanaanza kuuliza maswali ya maana.

Jambo moja nalipinga waziwazi: kupiga sauti za ndege kwenye simu ili ajitokeze. Ndege mwenye kiota akisikia sauti hiyo anadhani amevamiwa, anaacha kulisha makinda anakuja kupigana na spika. Mgeni akikuomba, mweleze hivyo. Vilevile usiahidi ndege fulani. Cherero wa Fischer, kasuku wadogo wa kijani wenye mdomo mwekundu na duara jeupe machoni, kwao hasa ni kaskazini mwa Tanzania, na watu husafiri kutoka mbali kuwaona. Kuna siku kundi zima linapita juu yenu likipiga kelele, na kuna siku hamna. Sema ukweli huo kabla ya malipo.

Usiruhusu mtu aingie majini kati ya matete. Kichocho kipo, na viboko na mamba wapo sehemu nyingi kuliko wageni wanavyodhani. Mtumbwini kila mtu avae jaketi okozi, hata anayejua kuogelea.

Kwa anayeanza, kisiwa cha Saanane kinatosha sana. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, safari fupi ya boti kutoka mjini, na juu ya miamba utamwona mnandi ametandaza mabawa akiyakausha. Nenda huko mwenyewe mara nyingi kabla ya kupeleka mtu. Leseni ya kuongoza watalii ishughulikie mapema. Kuhusu darubini, 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha, na kundi lisizidi watu sita kama una darubini tatu. Zaidi ya hapo, anayesubiri zamu hukuta ndege kaondoka.