Kivinjari kinakubali cheti, mfumo wa malipo unakikataa

Mleta uzi, umesema duka la mteja wako linafunguka vizuri kwenye Chrome, lakini mfumo wa malipo ukiliita unarudisha `unable to get local issuer certificate`, na fundi amekushauri uzime ukaguzi wa cheti (faili linalothibitisha kwamba seva ni ya kweli) ili kazi iendelee. Umeuliza pia kuhusu saini ya kidijitali ya ankara, ambayo ukiikagua inakataliwa. Tafadhali usizime. Ukaguzi ukizimwa, yeyote aliyekaa njiani anaweza kujifanya ndiye seva, na hapo zinapita pesa za watu. Nimehangaika na mifumo hii hapa Nairobi kwa muda mrefu, kuanzia ofisi za Westlands hadi maduka ya Luthuli Avenue, na mara nyingi dawa ya kosa hili ni ndogo.

OpenSSL, programu ambayo mfumo wa malipo unatumia kukagua vyeti, imeshika cheti chako, imesoma jina la aliyekitoa, ikamtafuta isimpate. Mamlaka za vyeti hazisaini vyeti vya tovuti moja kwa moja kwa cheti cha mzizi, yaani kile kikuu ambacho mashine tayari inakiamini. Katikati huwa kuna cheti kingine, na kukituma ni kazi ya seva yako. Chrome ikikikosa inaweza kukifuata yenyewe kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya cheti. OpenSSL haifanyi hivyo. Ndiyo maana kwako kunaonekana salama na kwao kunagoma.

Thibitisha hivi:

`openssl s_client -connect duka.example:443 -servername duka.example -showcerts </dev/null`

Usiache `-servername`, maana seva inayobeba tovuti nyingi inaweza kukupa cheti cha jirani. Tazama palipoandikwa `Certificate chain`, yaani mnyororo wa vyeti: mtoaji kwenye `i:` ndiye anayepaswa kuwa mwenye cheti kwenye `s:` inayofuata. Ukikuta namba 0 peke yake, na mwishoni `Verify return code: 21`, basi cheti cha kati hakitumwi. Kama seva yako inatumia programu ya Nginx, faili la `ssl_certificate` lianze na cheti chako, kisha cha kati. Ukivigeuza, Nginx itagoma kuwaka ikidai ufunguo haulingani na cheti, nawe utaanza kuulaumu ufunguo usio na kosa.

Wengi hupotezwa na `openssl verify fullchain.pem`. Amri hiyo husoma cheti cha kwanza tu ndani ya faili. Andika hivi:

`openssl verify -CAfile mzizi.pem -untrusted kati.pem cheti.pem`

Na hata ukipata `Verify return code: 0`, usilale. `s_client` haikagui jina la tovuti mpaka uongeze `-verify_hostname duka.example`.

Mnyororo ukiwa kamili na bado wanakataa, tatizo liko kwa anayeita. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi DST Root CA X3 kiliisha muda, na mashine zenye OpenSSL 1.0.2 zikaanza kukataa tovuti zisizo na kasoro zenye vyeti vya Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, kwa sababu toleo hilo lilifuata njia iliyotumwa na seva hadi kwenye mzizi uliokufa, hata kama mzizi mpya ulikuwepo. Kuomba cheti kipya chenye mnyororo ule ule hakungesaidia kitu. Kagua saa ya mashine pia: tarehe za cheti huandikwa kwa GMT, na Nairobi tumetangulia kwa saa 3.

Sasa ile saini ya ankara inayotoa `Verification failure`. Hapa usikisie. Kwanza pata `sha256sum` (alama ya kipekee inayokokotolewa kutoka kwenye faili) ya faili lile lile pande zote mbili, kwa aliyesaini na kwako. Zikitofautiana, faili limebadilika njiani. Mara nyingi ni mwisho wa mistari uliogeuzwa na Windows au na barua pepe, au `echo` iliyoongeza mstari mpya. Zikilingana, pima saini yenyewe. Saini ya ufunguo wa aina ya RSA wa biti 2048 ni baiti 256 kamili. Ukiona 344, bado iko kwenye Base64, yaani imeandikwa kwa herufi za kawaida, ifungue kwanza:

`openssl base64 -d -A -in saini.txt -out saini.bin`

Kisha toa ufunguo wa umma, kwa sababu `dgst -verify` hutaka ufunguo na siyo cheti:

`openssl x509 -in cheti.pem -pubkey -noout > umma.pem`

`openssl dgst -sha256 -verify umma.pem -signature saini.bin ankara.xml`

Ikigoma tena, muulize aliyesaini kama ametumia PSS, mtindo mwingine wa kuandaa saini ya RSA. Kama ndivyo ongeza `-sigopt rsa_padding_mode:pss`.

Bandika hapa matokeo ya `s_client` tuyasome pamoja. Ufunguo wa siri usiubandike popote. Kama fundi alishautuma kwenye WhatsApp, tengeneza mpya leo, omba cheti kipya, na cha zamani kibatilishwe.