Kwenda kulala tenti na mbwa Newala: pigia hesabu maji kwanza

Mkuu umeuliza hivi: una mbwa wa mwaka mmoja na nusu, kilo kama 20, unakaa Mtwara mjini, unataka mvua zikiisha umchukue mkalale tenti siku mbili na kutembea, Msimbati au Newala, na ubebe nini. Newala nimeenda na mbwa wangu Jimi mara tatu, kwahiyo nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Nenda Newala. Msimbati ni pazuri sana ila iko ndani ya hifadhi ya bahari, ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa 2000, na kasa wanataga kwenye mchanga ule, mbwa akinusa tu kiota anaanza kufukua. Mi simpeleki. Newala mwezi wa sita kuna kipupwe, majani bado mabichi, usiku baridi ya kuvaa sweta, na ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde lote la Ruvuma hadi ng'ambo Msumbiji.

Sasa shida ya kule ni maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga, mvua ikinyesha inazama yote chini, juu huku hukuti kijito wala bwawa la maana, maji yanatokea kule chini kwenye miteremko na mabondeni, ndo maana wazee wetu walikua wanashuka na kupanda na ndoo vichwani. Mi nilijua hilo toka utoto ila nikalifikiria kwa binadamu tu, mbwa nikamsahau.

Safari ya kwanza tulilala kwenye mikorosho ya baba mdogo, asubuhi tukashuka bondeni mi na Jimi na dumu la lita tatu. Kushuka raha tupu, anakimbia anarudi, anakimbia anarudi, nikawa namwagia maji kiganjani anakunywa. Kurudi ndo kazi, saa tano jua limewaka, mlima umesimama, maji yamebaki nusu lita. Jimi akaanza kuhema kwa nguvu, ulimi umetoka wote umekua mwekundu wa kuiva, mate mazito, akaenda kulala chini ya mwembe akagoma kuinuka, nikimpa maji anageuza kichwa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, joto likimzidi kuhema hakutoshi na anaweza kufa hapohapo. Nilikua natetemeka.

Akatokea mama mmoja ametoka kuteka maji, ndoo kichwani. Akasimama akaniambia "mwanangu, huyo mwenzio anakufa, mmwagie maji tumboni." Nikamwambia mama nisamehe, najua we ni Muislamu, sitaki mbwa aguse ndoo yako. Akasema chimba shimo hapo. Nikachimba kwa mikono, nikatandika mfuko wa plastiki, akamimina karibu nusu ndoo, yaani maji aliyoyapandisha mlima mzima. Nikamlowesha Jimi tumbo, kwapa, mapajani na nyayo, nikampepea kwa fulana, baada ya kama nusu saa akalamba maji mwenyewe. Hatukuondoka pale mpaka saa kumi jioni. Yule mama nikamtafuta kesho yake nikampelekea sukari na sabuni, na mpaka leo nikienda napita kwake.

Kwahiyo hesabu yangu sa hivi ni hii: mbwa akiwa ametulia anahitaji kama mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, huyo wako ni lita moja na robo hivi, akitembea juani piga mara mbili au zaidi. Beba lita tatu za kwake peke yake kwa kila siku, mbali na zako, na bakuli lake. Tembeeni saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, halafu jioni tena, mchana lala kivulini.

Kingine ambacho watu wa mjini hamkijui: mwezi wa sita wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Lile vumbi likimwingia mbwa machoni anajikuna mpaka macho yanavimba, Jimi lilimpata safari ya pili, nikamwosha kwa maji safi mengi. Muulize mwenye shamba kwanza wanapuliza lini. Na upupu upo njiani, mbwa akipita kwenye upupu uliokauka mtateseka wote wawili, mfunge kamba kwenye vichaka.

Usiku angalia siafu, hasa ardhi ikiwa bado na unyevu. Zungushia tenti majivu, na mbwa akianza kulialia na kujing'ata miguu usimkemee, washa tochi. Asubuhi mkague kupe masikioni na katikati ya vidole. Mabaki ya mchuzi usimpe, kitunguu ni sumu kwake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ndo ya lazima kuliko yote. Kama hajawahi kuchanjwa usimchanje leo uondoke kesho, mpe kama mwezi mmoja kinga ijengeke. Vijijini kuna mbwa wengi wanazurura, akikung'ata yeyote osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Ukifika ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji, mwambie una mbwa, umfunge mbali na kisima na msikiti. Mabasi hayatakupakia naye, tafuta pikapu, njia ni ya Nanyamba na Tandahimba, msimamishe mara mbili hivi akojoe na anywe. Kama huna shamba la kulala niambie hapahapa, nitamuuliza baba mdogo, mwaka huu palizi ameshamaliza na kuna mwembe mkubwa wenye kivuli kutwa nzima.